Upande wa Pili wa Santuri

Boksi lilikuwa chini ya kitanda cha Guka, Makongeni, Thika, na anko alikuwa ameshalihukumu.

"Hizo ni takataka," alisema. "Toa nje pamoja na hayo magazeti."

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya mazishi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, landlodi alikuwa ametupa hadi mwisho wa mwezi, na Cucu alikuwa anahamia kwa shangazi. Vitu viligawanywa mbiombio: sufuria huku, makoti kule, redio kwa yule aliyeiomba kwanza. Boksi halikuombwa na mtu. Nililifungua kwa sababu moja tu: lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea. Ndani mlikuwa na santuri, zile ndogo za inchi 7 zenye tundu kubwa katikati, zimesimamishwa kama faili za ofisini. Nilihesabu 43.

Mimi ni mtu wa bando na spika ya bluetooth. Santuri nilikuwa nimeziona kwenye kuta za mikahawa ya Nairobi, zimegongelewa misumari kama mapambo. Lakini hizi zilikuwa na mwandiko wa Guka. Kila moja ilikuwa na herufi zake mbili kwenye kona ya bahasha, na kwenye baadhi yao, upande mmoja tu, alikuwa amechora msalaba mdogo kwa kalamu ya buluu. Nilimuuliza Cucu maana ya msalaba. Akanijibu bila kugeuka, "Mimi nitajuaje? Alikuwa na mambo yake."

Nikalipeleka boksi Ruiru ninakoishi. Kwenye matatu nililiweka mapajani, konda akaniuliza kama ni vigae, halafu akataka nilipie viti viwili. Tulielewana kwa kimoja na nusu.

Fundi wa redio pale mtaani Kihunguro ndiye aliyeniazima mashine. Alipuliza vumbi, akabadilisha mkanda wa mpira, akaishika sindano karibu na jicho kama daktari. "Hii imeisha kidogo," akasema, "lakini itaongea."

Santuri ya kwanza niliyoichagua ndiyo iliyokuwa imechakaa zaidi. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imesuguliwa na vidole hadi jina la wimbo likafutika. Lilibaki neno moja, Vévé, na namba 2 upande wenye msalaba. Nilianza na upande wa kwanza kama mtu mwenye adabu. Wimbo wa polepole, sauti za kiume zikipokezana kwa Kilingala, gita laini. Mzuri, lakini ni muziki wa wazee, nikajiambia. Halafu ukakatika katikati, kama mtu aliyeitwa nje kabla hajamaliza sentensi.

"Geuza," fundi akasema. "Ulidhani imekwisha?"

Nikageuza. Gita zikaingia kwa kasi, ngoma zikachangamka, kisha saksafoni ikaja juu ya kila kitu. Haikuwa ile saksafoni ya lifti za hoteli. Ilikuwa inakwaruza. Ilishika kijisentensi kifupi, ikakirudia, ikakivunja, ikakirudisha kikiwa kimepinda, kama mtu anayebishana na anajua atashinda. Fundi aliweka chini bisibisi yake. Sijui tulisikiliza mara ngapi jioni ile. Ninachokumbuka ni swali nililolala nalo: huyu ni nani?

Karatasi ya santuri haikuwa na jibu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu santuri za Kikongo za zama zile. Utaona jina la bendi, na jina la mtunzi kwenye mabano. Mpiga gita, mpiga ngoma, mpiga saksafoni, hao kwa kawaida hawaandikwi. Mtu anaweza kukufanya usimamishe kazi yako, na karatasi isimtaje kabisa.

Jibu nililipata Nairobi, kwa muuza santuri mmoja mzee. Nilikuwa nimerekodi sekunde chache kwenye simu. Hakusubiri hata ziishe.

"Huyo ni Verckys."

Kisha akacheka, kwa sababu nilimwuliza kama ana namba yake.

* * *

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Georges Kiamuangana Mateta. Alizaliwa Kisantu, magharibi mwa Kongo, tarehe 19 Mei 1944, Wabelgiji wakiwa bado watawala. Kuna kejeli ndogo hapo. Saksafoni ni chombo cha Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyekisajili mjini Paris mwaka 1846. Kifaa kilichobuniwa na mtu wa nchi iliyoitawala Kongo kikaishia mikononi mwa kijana wa Kisantu, naye akakifanya kiongee lugha ambayo Sax hakuiota.

Jina la Verckys lina hadithi yake. Kijana huyo alikuwa akimhusudu mpiga saksafoni wa Marekani aitwaye King Curtis, yule unayemsikia kwenye "Respect" ya Aretha Franklin ya mwaka 1967 na, kabla ya hapo, kwenye "Yakety Yak" ya The Coasters ya mwaka 1958. Curtis, likisikika kutoka mbali, kwenye redio na santuri zenye mikwaruzo, likageuka kuwa Verckys. Yaani lile jina ni kosa la sikio, na amelibeba maisha yake yote. Nilipenda hilo. Mimi mwenyewe nimeimba Kilingala nisichokielewa kwenye harusi ngapi?

Mwaka 1963, akiwa na miaka 19, aliingia OK Jazz, bendi ya Franco Luambo. Ukitaka kuelewa ukubwa wa bendi hiyo, jua kwamba ilianzishwa mwaka 1956 na bado ngoma zake zinapigwa baa za Thika kila Ijumaa. Ndani ya bendi ya mpiga gita mkubwa kuliko wote, Verckys alifanya kitu kigumu: alimfanya msikilizaji angojee saksafoni.

Hapa msomaji mkali ataniuliza: lakini hiyo ni jazz? Swali zuri. Kwetu neno jazz lilitembea kuliko muziki wenyewe. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Ikaja Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Huku Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, tukapata Shirati Jazz na Victoria Jazz, ambazo zilipiga benga, muziki wa gita, wala hukutegemea kukuta saksafoni pale. Jazz lilimaanisha bendi ya kisasa, vijana waliovaa vizuri, muziki wa mjini. Kwa hiyo Verckys hakuwa mtu wa jazz kwa maana ya New York. Lakini msikilize upande wa pili wa santuri, jinsi anavyochukua wazo moja dogo na kulikamua hadi tone la mwisho bila kuliandika popote, halafu uniambie hilo ni nini.

Na upande wa pili ndio hasa nyumba yake. Santuri ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo za Kongo zilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa hiyo zilikatwa mara mbili. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba mashairi: mapenzi, usaliti, deni, kifo. Upande wa pili ulibeba sebene, pale waimbaji wanapopunguza maneno na vyombo vinapoachiwa. Asiyegeuza santuri alisikia hadithi akakosa sherehe.

Nikarudi kwenye boksi na kukagua. Ile misalaba ya Guka yote ilikuwa upande wa pili. Nikazipiga moja moja. Kila penye msalaba palikuwa na saksafoni. Si zote zilikuwa za Verckys, lakini zote zilikuwa na saksafoni. Mzee alikuwa amejitengenezea orodha yake ya nyimbo, kwa kalamu ya buluu, kabla sisi hatujazaliwa.

* * *

Mwaka 1968 Franco alikuwa Ulaya. Verckys aliwachukua baadhi ya wanamuziki wa OK Jazz, akaingia nao studio, akarekodi nyimbo zake bila ruhusa ya bosi. Franco aliporudi, kukawa na moto. Mwaka uliofuata Verckys akatoka na kuanzisha bendi yake, Orchestre Vévé, pamoja na lebo yake.

Naomba tusiharakishe hapo, kwa sababu ndipo jambo lenyewe lilipo. Wanamuziki wengi walitoka kwenye bendi kubwa wakaanzisha bendi ndogo. Verckys alitaka zaidi ya jukwaa. Alitaka karatasi ile ya katikati. Alielewa kwamba anayepuliza ni mmoja, na anayekula ni yule ambaye jina lake limechapishwa. Akawa mtunzi, akawa kiongozi wa bendi, akawa mwenye lebo. Miaka ya 1970 lebo yake ilitoa kazi za vijana waliotikisa eneo lote hili: Bella Bella ya ndugu Soki, Lipua-Lipua ya Nyboma, Orchestre Kiam. Mwaka 1978 akafungua Vévé Centre mjini Kinshasa, jengo lake mwenyewe. Mpiga saksafoni aliyekuwa hatajwi akawa na jengo.

Alitumia nafasi hiyo kusema mambo pia. Mwaka 1972 alitoa "Nakomitunaka", yaani najiuliza. Ni wimbo unaomuuliza Mungu swali zito: kwa nini kwenye picha za kanisani malaika na watakatifu ni weupe, na shetani ndiye mweusi? Ulizua ubishi mkubwa. Mwaka huohuo serikali ya Mobutu ilikuwa imewaagiza raia waache majina ya Kikristo ya Kizungu, na Georges akabaki Kiamuangana Mateta. Ndiyo sababu mwanzoni nilichanganyikiwa. Kwenye santuri za Guka niliona Verckys, nikaona Vévé, nikaona Kiamuangana kwenye mabano, nikadhani ni watu watatu wanaofanya kazi pamoja. Kumbe ni mtu mmoja aliyehakikisha kwamba popote jicho lako litakapoangukia, utamkuta.

Lakini santuri ina pande mbili, na hadithi hii pia. Mwaka huohuo wa 1972 waimbaji wake watatu, Matadidi, Djeskin na Sinatra, walimwacha wakaunda Trio Madjesi, jina lililofumwa kutokana na majina yao wenyewe. Walifanya kwake kile alichokifanya yeye kwa Franco. Wengine waliokuzwa na lebo yake walifuata njia hiyohiyo ya kuondoka. Aliyepigana asimilikiwe akawa mmiliki, na waliobaki chini yake wakaanza kusoma karatasi ya katikati kwa makini. Simhukumu. Nasema tu kwamba kwenye biashara hii kiti cha bosi kilikuwa kimoja, na kila aliyekikalia alianza kufanana na aliyekiachia.

* * *

Swali lililobaki ni dogo na ni la nyumbani. Muziki wa Kinshasa ulifikaje chini ya kitanda Makongeni?

Ulipita Nairobi. Miaka ya 1970 jiji hilo lilikuwa kituo kikubwa cha santuri Afrika Mashariki. Lebo za huko, ASL ikiwa mojawapo, zilichukua kazi za Kongo na kuzitolea santuri hapahapa, na maduka ya River Road yakazisambaza. Wanamuziki wenyewe wakafuata santuri zao. Super Mazembe walifika mwaka 1974. Baba Gaston akaja na bendi yake, na mwaka 1976 sehemu ya bendi hiyo ikajitenga na kuwa Les Mangelepa. Unaona? Hata hapa kwetu, mchezo ulikuwa uleule.

Na pesa zilikuwepo. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa mwaka 1976 na 1977. Ruiru hii ya maghorofa na mitungi ya maji ilikuwa ya mashamba ya kahawa wakati huo. Thika ilikuwa ya viwanda: ngozi, nguo, mananasi ya kopo. Guka alikuwa kiwandani. Hakuwa na shamba, lakini pesa ya kahawa ilizunguka, ikafika dukani, ikafika baa, ikafika kwa fundi cherehani, na mwisho wa mwezi kijana wa kiwandani angeweza kupanda basi hadi River Road na kurudi na santuri mbili kwenye bahasha.

Kilingala hakujua. Cucu naye hakujua. Wala hawakuwa peke yao. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki redioni uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu. Huwezi kuwaambia watu wasahau muziki walioolewa nao.

Baadaye kaseti zikaja, bei rahisi, za kunakili kirahisi zaidi, na santuri zikaanza safari ya kwenda chini ya vitanda.

* * *

Sasa niseme nilichokifanya, maana haitakuwa haki kuandika haya yote kuhusu nani anamiliki nini halafu nijifiche.

Niliweka picha za boksi mtandaoni. Ndani ya siku mbili mnunuzi wa ng'ambo akaniandikia. Alikuwa mstaarabu na alijua kazi yake. Santuri hizi sasa zina soko. Mwaka 2014 lebo ya Kijerumani, Analog Africa, ilitoa mkusanyiko mzima wa Verckys na Orchestre Vévé, ukiwemo wimbo wenye jina la Kiswahili kabisa, "Cheka Sana", na tangu hapo vijana wa Berlin na Tokyo wanazitafuta. Swali lake kuu lilikuwa hali ya santuri. Zimekwaruzwa? Zimeandikwa? Ziliwahi kupigwa sana?

Alichukua mbili. Zote mbili zilikuwa safi, zinang'aa, bila msalaba. Yaani zile ambazo Guka hakuzipenda. Pesa ilitosha kodi yangu ya mwezi mmoja na sindano mpya ya mashine. Ile ya Vévé iliyofutika jina alinirudishia picha yake kwa sentensi moja: hiyo haina thamani.

Nilikaa na sentensi hiyo siku kadhaa. Kwa hesabu ya soko alikuwa sahihi. Kila mara Guka alipoishusha sindano kwenye saksafoni ile, alikuwa anakula thamani yake. Santuri inayopendwa inakufa kwa kupendwa. Isiyopendwa ndiyo inayofika Ulaya ikiwa mzima. Na katika pesa niliyopokea, hakuna hata shilingi iliyokwenda kwa aliyepuliza. Verckys alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78. Alipigania karatasi ya katikati karibu maisha yake yote. Mimi nimeuza karatasi hiyo kwa M-Pesa nikiwa nimekaa kitandani Ruiru.

Zilizobaki ni 41. Hizo siuzi. Mimi na fundi tuliamua kuzihamishia kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, tukianza na ile isiyo na thamani. Ina kasoro moja kubwa. Katikati ya saksafoni sindano inakwama, kijisentensi kilekile kinarudi, kinarudi, kinarudi, hadi mtu agonge meza ndipo isonge. Kwenye programu nilikata marudio yote. Nikafuta mikwaruzo. Ikawa safi kama imerekodiwa jana. Nilijivunia.

Jumapili nikaenda kwa shangazi kumchezea Cucu. Nilimpa simu ashike mwenyewe. Upande wa kwanza alisikiliza huku akichambua mboga. Upande wa pili ulipoanza, mikono ikasimama. Saksafoni ikaingia, akatikisa kichwa polepole, kisha akanyoosha shingo kama mtu anayesubiri mgeni mlangoni. Wimbo ukapita. Ukaisha.

"Si hii," akasema.

"Ndiyo hii Cucu. Ni ileile ya Guka."

"Mbona haijakwama?"

"Nilitoa pale inapokwama. Ilikuwa mbovu."

Aliniangalia kwa muda. "Pale ndipo tulikuwa tunasimama," akasema. "Mguu mmoja juu. Watu wote nyumbani. Guka wako anaenda anagonga meza, halafu ndio tunateremsha mguu tunaendelea. Watoto walikuwa wanacheka sana." Akarudi kwenye mboga zake. "Rudisha hiyo mahali ulitoa."

Nimeirudisha. Faili ya kwanza, ile niliyoisafisha, nimeifuta. Kwenye hii nyingine, kijisentensi cha saksafoni kinarudi mara nne, kisha kuna sauti ndogo ya kugonga. Hiyo ni ya fundi, bisibisi kwenye meza, Kihunguro.